Msamaha Usioombwa

Matroni alikuwa amejiandaa kufa vizuri kuliko watu wengi wanavyojiandaa kufunga ndoa. Gauni jeupe lilishapigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango wa chumba, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisije likamwaibisha mbele ya malaika. Nyimbo alishazichagua, na zile asizozitaka alizitaja pia, maana aliijua kwaya ya kanisa lake na hakuiamini hata kidogo. Mchungaji alishaambiwa kwamba mahubiri yawe mafupi. Hata picha ya kuwekwa mbele ya jeneza ilikuwa tayari, ya enzi zile meno yakiwa yote kinywani. Waliokuja kumjulia hali walionyeshwa vitu hivi kimoja kimoja, kama bibi harusi anavyoonyesha vyombo vyake, nao wakawa hawajui waseme hongera au waseme pole.

Kifo chenyewe alikigundua mwenyewe. Alikuwa matroni wa wodi ya wanawake mpaka alipostaafu, na cheo hicho kikamganda hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi. Vidole vyake vilikuwa vimebonyeza matumbo ya nusu ya mji. Basi siku moja akiwa bafuni, alipobonyeza lake na kukuta uvimbe chini ya kitovu, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Hospitali alikwenda kutimiza utaratibu tu. Daktari, kijana wa miwani na sauti laini, alimweleza kwamba uvimbe utatolewa, utapimwa, na mpaka upimwe hakuna anayejua ni wa aina gani. Matroni alimsikiliza kwa huruma. Sauti hiyo laini aliifahamu sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha madaktari wapya kuitumia kwa watu waliobakiwa na muda mfupi.

"Umesema vizuri sana, mwanangu," alimwambia, akampigapiga mkono. Kisha akarudi nyumbani kuanza kufa.

Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa pekee. Matroni alikaa upande wa mbele, wenye baraza, ili wageni wasipate taabu ya kumtafuta. Mdogo wake alikaa upande wa nyuma, na jiko likawa la wote wawili. Huyu mdogo mtu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, na mwanawe mmoja aliishi mji mwingine. Watu walimwita Fundi. Maneno yake yalikuwa machache. Mengi aliyasema kwa cherehani. Akiwa na furaha mashine ilikimbia, akikasirika ilikwenda kwa vishindo vifupi vifupi, na Matroni, aliyeisikia kupitia ukutani miaka nenda miaka rudi, alidai anaweza kuisoma kama mapigo ya moyo ya mgonjwa.

"Nakufa," alimwambia jikoni alipotoka hospitali.

Fundi aliacha kumenya viazi. "Daktari kasema?"

"Daktari ni mtoto mdogo, anaogopa kusema. Nimejipima mwenyewe."

"Basi tungoje vipimo, Dada."

"Tatizo lako huna imani," alisema Matroni kwa masikitiko.

"Imani kwamba utakufa?"

Matroni akaelekea chumbani kwake. Mtu aliyekaribia kuonana na Muumba wake habishani na mtu mwenye kisu na kiazi mkononi.

Sasa, kanisa lao lilikuwa na desturi yake. Muumini yeyote anayekwenda kufanyiwa upasuaji husimama mbele ya watu Jumapili inayotangulia, na kusema maneno yaleyale waliyoyasema wote waliomtangulia: kama kuna mtu niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe. Kanisa zima hujibu kwa sauti moja, "Tumekusamehe." Mchungaji huomba, mgonjwa hurudi kukaa, na sadaka hukusanywa. Ni jambo fupi, halimwumizi mtu, na wengi walilipenda kwa sababu hiyo hasa. Mtu alikuwa anaweza kuomba radhi kwa maisha mazima bila kutaja hata siku moja.

Matroni aliliona ni jambo la kivivu. Yeye hakuwa mtu wa kufa kwa jumla jumla. Wiki nzima alijifungia chumbani, akapiga magoti, akaichunguza nafsi yake kwa uaminifu kutafuta watu aliowakosea. Alitafuta katika miaka ya wodini, akatafuta katika chama cha akina mama, akatafuta mtaani na jikoni. Haki ya Mungu hakumwona mtu. Ila waliomkosea yeye, hao walimjia bila kuitwa, wakajipanga foleni ndefu, kila mmoja na kosa lake mkononi. Ndipo Matroni alipoelewa Mungu anataka nini kwake. Alitakiwa kusamehe, na kusamehe kwenyewe kuwe kwa majina.

Jumapili ilipofika alisimama mbele akiwa amevaa vazi lake la chama. Mchungaji akamkaribisha. Watu wakavuta pumzi, tayari kwa jibu lao.

"Ndugu zangu," Matroni alianza, "sitawachosha. Ninakwenda, na sitaki kwenda na kitu cha mtu. Kwanza namsamehe mwalimu wa kwaya."

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa anapekua vitabu vya nyimbo, aliinua kichwa.

"Namsamehe kwa kunipokonya sehemu ya kuimba peke yangu na kumpa yule dada wa safu ya pili, ambaye sauti yake sote tunaijua, na sababu ya kupewa pia sote tunaijua. Nimemsamehe kabisa. Simdai neno."

Dada wa safu ya pili akatazama chini. Mke wa mwalimu wa kwaya, aliyekuwa safu ya tatu, akatazama safu ya pili. Baadhi ya watu walishafungua midomo kusema "Tumekusamehe," wakagundua kwamba halipo pengo la kulitia jibu hilo, wakafunga.

Matroni aliendelea, sauti yake ikizidi kutulia kama ya mtu aliyeanza kuona lango. Alimsamehe mwenyekiti wa wazee kwa kusinzia kwenye maombi kisha kudai alikuwa anaonyeshwa maono. Alimsamehe jirani yake wa mkono wa kulia kwa maneno aliyoyasema mwaka ule wa mafuriko, na kwa kuwa jirani alionekana kutoyakumbuka, alimkumbusha. Alimsamehe Mchungaji mwenyewe kwa kutokuja kumwona alipolazwa mwaka juzi, ilhali nyumba zinazopika kuku huzifikia hata kwa mvua. Mchungaji alisema "Amina" kabla ya wakati wake, akitumaini ingesaidia. Haikusaidia.

"Mwisho," alisema Matroni, na hapo sauti ikatetemeka kweli, "namsamehe mdogo wangu wa damu, aliyekaa pale dirishani. Siku Mama yetu alipokata roho wodini, Fundi hakuwepo. Alikuwa nyumbani kalala. Mama alifia mikononi mwangu peke yangu, na baraka zake, kama mnavyojua, alinipa mimi peke yangu. Nimelibeba jambo hili miaka mingi. Leo nalitua. Mdogo wangu, nimekusamehe."

Wanawake wakaanza kulia. Baraka za Mama walizijua vizuri, kwa kuwa Matroni huzitolea ushuhuda kila mwaka kwenye mkutano wa chama: jinsi mama yao alivyoinua mkono uliokwisha nguvu, akauweka juu ya kichwa cha binti yake mkubwa, akamwita taa ya nyumba. Ushuhuda huo ulikuwa ukirefuka mwaka hadi mwaka, na wengine walikuwa wanalia kabla hata hajafika kwenye mkono.

Fundi alisimama. Alichukua mkoba wake, akaomba njia kwa aliokaa nao, akatoka bila haraka. Watu walinong'onezana kwamba amezidiwa na toba.

Siku ya upasuaji Matroni aliwasalimia wauguzi mmoja mmoja, akamsahihisha aliyetandika shuka vibaya, akapanda juu ya kitanda. Alikuwa mwepesi kama unyoya. Alishawaona watu wengi wakiingia chumba kile wakitetemeka, na kila mara alijiuliza wanatetemeka nini kama nyumba zao zimefagiliwa. Yeye yake ilifagiliwa na kupigwa deki. Wakamwambia avute pumzi taratibu. Akafumba macho kungoja ile amani ambayo alikuwa amewaahidi wagonjwa wengi.

Amani haikuja. Kilichokuja ni kitanda cha mama yake. Alikiona dhahiri, na shuka lake la mistari, na upande huu kiti alichokuwa amekalia yeye. Upande wa pili palikuwa na kiti kingine, kitupu, na Matroni alijua ni nani aliyekifanya kiwe kitupu. Wala hakuwa Fundi. Alitaka kuinuka. Alitaka kuwaambia wasubiri kidogo, kuna jambo amelisahau nyumbani, lakini ulimi ulishakuwa mzito na mikono haikuwa yake tena. Alikwenda gizani akiwa anaogopa kama mtoto mdogo, bila taa yoyote.

Alizinduka. Siku chache baadaye Daktari alikuja akasimama pembeni ya kitanda chake, anatabasamu.

"Habari njema, Mama. Tumeutoa wote, na majibu yametoka. Uvimbe hauna madhara."

"Mmeangalia vizuri?"

"Tumeangalia vizuri."

"Angalieni tena."

"Mama," alisema Daktari kwa sauti yake ileile laini, "utaishi."

Matroni akageukia ukutani. Kijana wa watu alidhani analia kwa furaha, akatoka kimya kimya ili asimvurugie.

Kuishi kukawa ndiyo kazi. Mtu aliyekwisha kuagwa akirudi huwa hana mahali. Viatu vyake vizuri alishavigawa, na sasa kila alipotazama barabarani aliviona vikipita kwenye miguu ya watu wengine. Kanisani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mchungaji alikuja kumtembelea haraka mno, akakataa chai, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Tunamshukuru Mungu kwa uponyaji wako," alisema. "Tunamshukuru sana. Kwa kweli hatukuutegemea."

"Na wengine hawajambo?"

Mchungaji alikohoa. Mke wa mwalimu wa kwaya amerudi kwao. Mwalimu wa kwaya amejiuzulu, na dada wa safu ya pili anasali kanisa jingine, ng'ambo ya reli. Mwenyekiti wa wazee sasa haombi kabisa, anaogopa kufumba macho. "Watu wanasema, Matroni, kwamba wangependa... sijui niseme vipi. Kama ingewezekana kuurudisha ule msamaha."

"Kuurudisha?"

"Au kuurekebisha. Wakati ule walivumilia kwa kuwa walijua unakufa."

Kwa hiyo Matroni alivaa viatu alivyobakiwa navyo, vya kuogea, akaenda kurekebisha. Nia yake ilikuwa safi, na hilo ndilo la kumwonea huruma. Alipogonga kwa mwalimu wa kwaya alikuwa ameshajipanga vizuri kabisa cha kusema. Mlango ukafunguliwa, na uso uliotokea haukuwa na karibu hata kidogo.

"Mwalimu," alisema Matroni, "nimekuja kukusamehe kwa hizo hasira ulizonazo juu yangu."

Mlango ukafungwa. Kwa mwenyekiti wa wazee hakufunguliwa kabisa, ijapokuwa redio ilisikika ndani, naye akainama kwenye tundu la kitasa na kumtangazia kwamba amemsamehe kwa kutofungua. Jirani wa mkono wa kulia alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza, je, anaweza kuondoka sasa, nguo zake zinaungua kwenye pasi. Matroni akarudi nyumbani polepole, mkono tumboni, mshono ukimvuta. Njiani alijaribu kulitamka lile neno dogo, nisamehe, kwa kunong'ona, ili tu ajue linavyokaa mdomoni. Lilimkwama. Alikuwa amewatamkisha wagonjwa wasiohesabika, akiwashika mkono, akiwaambia sema tu, utapumua vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulitumia.

Fundi alimuuguza. Asubuhi alileta maji ya moto na dawa, akafungua bandeji, akasafisha, akafunga upya, bila kusema lolote zaidi ya geuka na tulia. Siku moja tu aliinama akautazama mshono kwa muda, jicho la fundi likamshinda.

"Aliyekushona ana mkono mzuri," alisema. Halafu akaongeza, akiwa anakunja bandeji chafu, "Nyuzi zikitolewa, mimi nahamia kwa mwanangu. Ameniandalia chumba."

"Kwa kuwa nilikusamehe?" aliuliza Matroni.

Fundi alimtazama kama mtu anavyotazama kitambaa alichokikata vibaya, akijua hakirekebishiki. Akabeba beseni akatoka. Baadaye cherehani ilisikika ikimalizia oda, haina mbio wala vishindo, inakwenda tu. Matroni aliisikiliza akashindwa kuisoma.

Alijaribu kuomba. Tangu utotoni aliijua ile sala ambayo Wakristo wote wanaijua, na aliisali asubuhi na jioni bila kukosa. Siku hizo za kuuguza kidonda ndipo alipogundua kwamba mahali pa msamaha pana pande mbili, upande wa kuomba na upande wa kutoa, na kwamba yeye miaka yote alikuwa akiupita wa kwanza mbio mbio ili afike wa pili. Sasa kila alipofika pale alikwama, akarudia mwanzo, akakwama tena. Alimwambia Mungu kwamba yuko tayari kukiri kila kitu, wao wawili tu, faragha. Hakuna jibu lililokuja, isipokuwa ile cherehani nyuma ya ukuta.

Gauni jeupe bado lilikuwa nyuma ya mlango. Kila alipolitazama alikumbuka woga wa kwenye kitanda cha upasuaji. Kifo hakikufuta safari yake, kiliahirisha tu. Siku kitakaporudi kitamkuta palepale kilipomwacha, kama bado hajafungua kinywa, na safari hiyo hakutakuwa na mtu hata upande wa pili wa jiko.

Nyuzi zilitolewa. Alasiri hiyohiyo Matroni alimkuta Fundi jikoni, amepandisha cherehani juu ya meza na anaifunga kwa blanketi na kamba. Sanduku lilikuwa karibu na mlango wa nyuma.

"Mdogo wangu," alisema Matroni. "Naku..."

Akasimama. Fundi hakuinua uso. Alikuwa anapima kamba.

"Kama kuna jambo nililokukosea," Matroni akaanza upya, "kwa kujua au kwa kutojua..."

"Aa-aa. Hiyo ni ya kanisani, Dada. Huku jikoni unataja."

Matroni aliketi kwenye kigoda cha kumenyea viazi.

"Ni mimi niliyekufukuza," alisema. "Siku ile ya Mama. Nilikuambia uende nyumbani ukapumzike, kwamba bado ana siku kadhaa. Nilikuwa najua hana. Nilishamshika miguu, ilikuwa imeanza kupoa."

Mikono ya Fundi ikatulia juu ya kamba.

"Ulisema utaniita," alisema.

"Nilisema."

"Nililala na nguo za kutokea. Mlango niliuacha wazi ili nisikie. Asubuhi akaja mtu wa mochwari kuniambia. Si wewe. Mtu wa mochwari." Aliyasema polepole, kama mtu anayetoa pini moja moja mdomoni. "Halafu unasimama mbele ya kanisa zima kunisamehe."

"Nilitaka anibariki mimi," alisema Matroni. "Wewe ndiye uliyekuwa kipenzi chake. Mimi nilikuwa wa kazi. Nilitaka hata mara moja awe wangu peke yangu."

"Si akakubariki? Tumeambiwa kila mwaka."

Matroni alitikisa kichwa. Kwa namna fulani hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, maana lile la kwanza lilimnyang'anya haki yake, na hili lilimnyang'anya mama.

"Hakuna baraka," alisema. "Hakuinua mkono. Alifungua macho, akaniuliza, 'Kitinda yuko wapi?'"

Fundi alishika ukingo wa meza. Hakukuwa na mtu duniani aliyemwita hivyo tangu mama yao afariki.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia amelala." Sasa Matroni alikuwa analia, na si yale machozi ya mkutano wa chama; haya yalishuka na makamasi, hayana adabu. "Nadhani alifikiri bado wewe ni mtoto. Akasema, 'Basi msimwamshe. Mfunikeni, kuna baridi.' Hakusema neno jingine tena. Ndiyo hayo. Yalikuwa yako, na mimi nikakuficha. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

Fundi alivuta kiti, akakaa, akaweka uso kwenye lile blanketi la cherehani. Alimlilia mama yake kana kwamba taarifa ya msiba imemfikia sasa hivi, na kwa kweli ndiyo kwanza ilikuwa imemfikia. Matroni aliinuka kwa mazoea ya kazi, akanyoosha mkono kumshika bega.

"Usiniguse," alisema Fundi ndani ya blanketi. "Kaa hapo. Usiseme kitu."

Matroni akakaa, akanyamaza. Alikuwa amekaa na watu wengi wenye uchungu na siku zote alijua la kusema. Jua lilihama kutoka kwenye sinki mpaka kwenye sakafu, na yeye amekaa tu, pua imeziba, hana la kumsaidia mtu.

Mwishowe Fundi aliinuka, akanawa uso kwenye bomba, akajifuta kwa kitambaa cha vyombo.

"Kanisani utalisema?"

"Nitalisema."

"Lote? Na la baraka?"

Matroni aliwafikiria wanawake wa chama, na miaka yote ile ya machozi yao. Angekubali kupasuliwa upya bila ganzi. "Lote. Jumapili."

"Haya," alisema Fundi. "Sasa ndiyo unaweza kufa."

"Sitaki," alisema Matroni haraka, na alikuwa hajawahi kusema neno la kweli kama hilo.

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya, cha pua iliyojaa, lakini kilikuwa kicheko. Halafu akalitazama sanduku, akaitazama cherehani iliyofungwa, akamtazama dada yake kwenye kigoda, mzee mwenye ndala na kidonda tumboni.

"Mimi sijasema nimekusamehe," alisema. "Nitaona. Si jambo la kujibu kwa pamoja kama kanisani."

"Najua."

"Nikienda kwa mwanangu, halafu huku ukazidiwa. Utaniita?"

"Nitakuita," alisema Matroni.

Fundi akarudi kwenye meza.

"Wewe? Hata kidogo," alisema, akaanza kuifungua kamba ya cherehani.